Kutoka Kijiko hadi Gramu: Kubadili Vipimo vya Jikoni kwa Usalama wa Mgonjwa

Malengo ya somo

Baada ya kusoma makala haya, msomaji ataweza:

- kueleza tofauti kati ya ujazo na uzito wa chakula;
- kubadili mililita kuwa gramu, na gramu kuwa mililita, kwa vyakula vinavyotumika kila siku;
- kukagua kijiko na kikombe cha nyumbani hata pasipo mizani;
- kutoa au kufuata ushauri wa lishe bila kuacha nafasi ya kipimo kueleweka vibaya.

Utangulizi

Ushauri mwingi wa lishe unaotolewa kliniki huandikwa kwa gramu. Mgonjwa wa shinikizo la damu huambiwa chumvi yake isifike gramu 5 kwa siku. Mgonjwa wa kisukari hupangiwa kiasi cha wanga kwa kila mlo. Mlezi wa mtoto anayeharisha huelezwa kiasi cha chumvi na sukari kinachofaa kwa lita moja ya maji. Wakifika nyumbani, wote hao hukuta jikoni kijiko, kikombe, kopo na bakuli. Mizani mara nyingi haipo.

Kwa hiyo, kati ya karatasi ya kliniki na sufuria ipo hatua ambayo ni nadra kufundishwa: kugeuza uzito kuwa ujazo. Hatua hiyo ikikosewa, agizo sahihi huzaa kipimo kisicho sahihi, na mtoa ushauri na mpishi wote wawili huamini kwamba wametimiza wajibu wao. Makala haya yanafafanua hatua hiyo kwa mifano mitatu ambayo makosa yake yana madhara ya moja kwa moja kwa afya.

Ujazo na uzito ni vitu viwili

Ujazo ni nafasi ambayo kitu hujaza, nao hupimwa kwa mililita na lita. Uzito hupimwa kwa gramu na kilo. Kijiko, kikombe na kopo hupima ujazo tu. Kwa upande wake, mwili hushughulika na kiasi halisi cha chumvi, sukari au wanga kilichoingia, na kiasi hicho huelezwa vizuri zaidi kwa uzito.

Jambo hili si geni kwa jamii za Waswahili. Methali isemayo kwamba haba na haba hujaza kibaba huzungumzia ujazo, kwa kuwa kibaba hujazwa, hakipandishwi mizani. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, pishi moja ikiwa vibaba vinne, na hadi leo zakatul fitri hutajwa kwa pishi. Anayetaka kuitoa kwa kilo hugundua mara moja kwamba pishi ya mchele na pishi ya unga hazilingani kwa uzito, ingawa chombo ni kile kile. Swali analojiuliza mtoaji wa fitri ndilo analopaswa kujiuliza mgonjwa anaposhika kijiko.

Kiungo kati ya vipimo hivi viwili ni densiti, yaani uzito wa mililita moja ya kitu. Mililita moja ya maji ina uzito wa takriban gramu moja. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba mililita na gramu ni kitu kimoja. Dhana hiyo ni sahihi kwa maji, na inakaribia usahihi kwa maziwa, lakini inapotosha kwa vyakula vingine. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji, na ndiyo maana huelea: lita moja ina uzito wa gramu 920 hivi. Asali ni nzito, lita moja ikikaribia kilo moja na gramu 400.

Kwa vyakula vya unga na vya punje kuna jambo la ziada. Kikombe cha unga hakina unga peke yake. Kina pia hewa iliyo kati ya chembe. Unga uliochekechwa una hewa nyingi, na uliogandamizwa una hewa kidogo. Kikombe kile kile cha unga wa ngano kinaweza kuwa na gramu 120 au zaidi ya gramu 150, kutegemea kama kimejazwa polepole kwa kijiko au kimetumbukizwa mfukoni na kushindiliwa. Chumvi laini hujipanga kwa kubanana, ilhali chumvi ya mawe huacha mapengo makubwa. Hivyo, kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu 6, lakini kijiko hicho hicho cha chumvi ya punje kubwa kinaweza kuwa na gramu 3 hadi 5 tu.

Kijiko gani? Kikombe gani?

Katika vipimo sanifu, kijiko cha chai kina mililita 5, kijiko cha chakula kina mililita 15, na kikombe kina mililita 250. Kikombe cha Marekani ni kidogo kuliko hicho, kwani kina mililita 237 hivi. Anayesoma mapishi kutoka huko hana budi kulikumbuka hilo.

Vyombo vya nyumbani havifuati vipimo hivyo. Kikombe cha chai cha mezani kinaweza kuchukua mililita 180, na cha bati kikachukua mililita 400. Vijiko vya chai navyo hutofautiana kwa kina na upana.

Tatizo la pili ni la lugha. Neno "kijiko" likitajwa peke yake halitoi kipimo. Mhudumu anayesema "nusu kijiko" akimaanisha cha chai anaweza kueleweka na mlezi kuwa amemaanisha cha chakula, na kosa hilo huzidisha kiasi mara tatu.

Tatizo la tatu ni rundo. Msomaji anaijua lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita mdomo wake kisha likahesabiwa kuwa gunia moja. Kijiko kilichorundikwa ni lumbesa ndogo: huitwa kijiko kimoja, lakini hubeba mara moja na nusu, pengine hata mara mbili, ya kile kilichokusudiwa. Katika makala haya, kila kijiko na kila kikombe kinachotajwa kimesawazishwa, yaani kimejazwa kisha juu yake ukapitishwa mgongo wa kisu ili kinachozidi kianguke.

Jedwali la kubadili vipimo

Takwimu zifuatazo ni za makadirio yanayofaa kwa matumizi ya jikoni. Safu ya pili ndiyo ya msingi. Safu nyingine zimetokana nayo.

| Chakula | Gramu katika mililita 1 | Kijiko cha chai (ml 5) | Kijiko cha chakula (ml 15) | Kikombe (ml 250) |
|---|---|---|---|---|
| Maji | 1.0 | g 5 | g 15 | g 250 |
| Maziwa ya maji | 1.03 | g 5 | g 15 | g 258 |
| Mafuta ya kupikia | 0.92 | g 4.6 | g 14 | g 230 |
| Asali | 1.4 | g 7 | g 21 | g 350 |
| Chumvi laini | 1.2 | g 6 | g 18 | g 300 |
| Sukari ya punje | 0.84 | g 4.2 | g 12.6 | g 210 |
| Unga wa ngano | 0.53 | g 2.6 | g 8 | g 130 |
| Unga wa mahindi | 0.5–0.65 | g 3 | g 8–10 | g 125–160 |
| Maziwa ya unga | 0.54 | g 2.7 | g 8 | g 135 |
| Siagi ya karanga | 1.09 | g 5.5 | g 16 | g 270 |
| Mchele mkavu | 0.78 | – | – | g 195 |
| Maharage makavu | 0.78 | – | – | g 195 |

Kanuni za kukokotoa ni mbili:

1. Kupata gramu, zidisha mililita kwa namba iliyo katika safu ya pili.
2. Kupata mililita, gawanya gramu kwa namba hiyo hiyo.

Kwa mfano, vijiko viwili vya chakula vya mafuta ni mililita 30. 30 × 0.92 = gramu 27.6. Kinyume chake, gramu 50 za sukari ni 50 ÷ 0.84, yaani mililita 60 hivi, ambazo ni vijiko vinne vya chakula.

Mfano wa kwanza: maji ya chumvi na sukari kwa anayeharisha

Tiba inayopendekezwa ya kurudisha maji mwilini ni pakiti ya ORS, pamoja na madini ya zinki kwa mtoto. Fomula ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF kwa lita moja ya maji ni gramu 2.6 za chumvi ya kawaida, gramu 13.5 za glukosi, gramu 1.5 za kloridi ya potasiamu na gramu 2.9 za sitrati ya sodiamu. Jumla ni gramu 20.5, zilizopimwa kwa mizani kiwandani. Mchanganyiko huo huwa na milimoli 75 za sodiamu katika kila lita.

Pale ambapo pakiti haipatikani kwa haraka, mchanganyiko wa nyumbani unaojulikana ni nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya chai vya sukari katika lita moja ya maji safi na salama. Jedwali linaonyesha mantiki yake. Nusu kijiko cha chai ni mililita 2.5; 2.5 × 1.2 = gramu 3 za chumvi, ambazo hutoa milimoli 51 za sodiamu. Vijiko sita ni mililita 30. 30 × 0.84 = gramu 25 za sukari. Mchanganyiko huo hauna potasiamu wala sitrati, kwa hiyo haulingani na ORS, lakini sodiamu yake iko chini ya ile ya damu, ambayo kwa kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita.

Makosa ya kijiko huleta matokeo yafuatayo katika lita moja ya maji:

- Kijiko kizima cha chai badala ya nusu: gramu 6 za chumvi, milimoli 103 za sodiamu.
- Kijiko cha chai kilichorundikwa, chenye gramu 9: milimoli 154. Mhudumu wa afya ataitambua namba hii, kwani ndiyo ya dripu ya chumvi ya asilimia 0.9.
- Nusu kijiko cha chakula: gramu 9 vilevile, milimoli 154.
- Kijiko kizima cha chakula: gramu 18, milimoli 308, yaani maradufu ya dripu hiyo.

Mtoto mchanga au mdogo aliyekwisha kupoteza maji, akinyweshwa mchanganyiko wenye sodiamu nyingi kuliko damu yake, anaweza kupandisha kiwango cha sodiamu mwilini. Dalili zake ni kiu kali, kukosa utulivu, usingizi usio wa kawaida na degedege. Ubongo unaweza kudhurika. Sukari nayo ina mpaka. Vijiko sita vikiwa vya chakula badala ya vya chai, lita moja hupata gramu 75 za sukari, na sukari hiyo huvuta maji kuingia ndani ya utumbo na kuzidisha kuharisha kunakotibiwa.

Maji pia yanahitaji kupimwa. Chupa mbili za nusu lita ni lita moja. Chupa kubwa ya lita moja na nusu si lita moja, na mchanganyiko ukiwekwa humo hupungua nguvu. Pakiti za ORS si zote za lita moja. Zipo za nusu lita na za mililita 200, kwa hiyo maelezo ya pakiti yasomwe kila mara. Pakiti isigawanywe ili kuchanganya kidogo kidogo kikombeni, kwa kuwa hakuna kijiko kinachoweza kugawanya kwa usahihi dawa iliyopimwa kwa mizani.

Kabla ya kumpa mtoto, mlezi auonje mchanganyiko wa nyumbani. Ukiwa na chumvi kuliko machozi, umwagwe na utengenezwe upya. Mtoto asiyeweza kunywa, aliyelegea, mwenye macho yaliyodidimia au anayetoa damu kwenye choo apelekwe kituo cha afya bila kungoja.

Mfano wa pili: chumvi katika sufuria ya familia

Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima atumie chumvi pungufu ya gramu 5 kwa siku. Kwa kuwa kijiko cha chai cha chumvi laini kina gramu 6, ukomo huo ni pungufu kidogo ya kijiko kimoja kwa siku nzima, pamoja na chumvi iliyomo ndani ya mkate, vitafunwa na vidonge vya mchuzi.

Ugumu ni kwamba mgonjwa hapikiwi peke yake. Chumvi hutiwa kwenye sufuria ya watu wote, mara nyingi kwa mkono. Njia mbili zinaweza kusaidia.

Njia ya kwanza ni kuanzia sufuria. Familia ya watu wazima watano ina ukomo wa gramu 25 kwa siku. Kijiko kimoja cha chakula ni gramu 18, na kimoja cha chai ni gramu 6. Jumla ni gramu 24. Mpishi anaweza kuweka kiasi hicho asubuhi katika kikopo kidogo na kutumia hicho tu kwa milo yote ya siku. Familia inayokula mkate na vitafunwa vyenye chumvi ipunguze zaidi, na palipo na watoto hesabu iwe ndogo kuliko hiyo, kwani mahitaji yao ni madogo.

Njia ya pili haihitaji kijiko wala mizani. Pakiti ya chumvi huandikwa uzito wake. Siku inapofunguliwa iandikwe tarehe, na siku inapokwisha ihesabiwe imedumu siku ngapi. Pakiti ya gramu 500 ikitumiwa na watu watano na kudumu siku 20, kila mtu ametumia wastani wa 500 ÷ 5 ÷ 20 = gramu 5 kwa siku. Ikiisha ndani ya siku 10, wastani ni gramu 10, mara mbili ya ukomo. Hesabu hii haionyeshi nani amekula zaidi, lakini huonyesha desturi ya jiko kwa uwazi kuliko jibu la swali la kliniki "Je, unatumia chumvi nyingi?", ambalo karibu kila mtu hujibu kwamba hapana.

Familia inayobadili aina ya chumvi ina jambo la kuzingatia. Mpishi aliyezoea kijiko cha chumvi ya mawe, akihamia kwenye chumvi laini na kuendelea na kijiko kile kile, anaweza kuongeza chumvi hata maradufu bila kubadili desturi yoyote.

Mfano wa tatu: kikombe cha wali kwa mgonjwa wa kisukari

Tuseme mgonjwa wa kisukari amepangiwa na mtaalamu wake gramu 45 za wanga kwa mlo wa mchana. Kiasi hiki ni cha mfano. Kila mgonjwa hupangiwa chake. Ameelezwa kwamba hicho ni "kikombe kimoja cha wali".

Mchele mkavu una takriban gramu 80 za wanga katika kila gramu 100. Ukipikwa hunywa maji na kuwa wali wenye uzito wa karibu mara tatu, na wanga ule ule sasa umesambaa katika uzito mkubwa zaidi: takriban gramu 28 katika kila gramu 100 za wali. Kikombe cha mililita 250 cha wali uliopikwa kina uzito wa gramu 165 hivi, na wanga wake ni gramu 46. Kwa hiyo maelezo ni sahihi, ilimradi kikombe kiwe cha wali.

Mgonjwa huyo akipima kikombe cha mchele na kukipika kwa ajili yake mwenyewe, hupata gramu 195 za mchele, ambazo zina gramu 156 za wanga. Amekula zaidi ya mara tatu ya kiasi alichopangiwa huku akiamini kwamba ametii. Kipimo sahihi cha mchele mkavu kingekuwa 45 ÷ 0.80 = gramu 56, ambazo ni mililita 72, yaani zaidi kidogo ya robo kikombe.

Kwa anayetumia insulini, hatari iko pande zote mbili. Wanga ukizidi dozi, sukari hupanda. Dozi ikiwa imepangwa kwa wanga mwingi kuliko uliolika, sukari hushuka, naye anaweza kutetemeka, kutoka jasho, kuchanganyikiwa na kupoteza fahamu.

Ugali ni mgumu zaidi, kwa sababu kiasi cha maji hutegemea mkono wa mpishi. Suluhisho ni kupima sufuria nzima mara moja, kama ifuatavyo:

1. Unga upimwe kabla ya kupika. Tuseme ni gramu 500. Unga wa mahindi una wanga wa takriban robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo wanga ni gramu 375.
2. Ugali wote upimwe ukishaiva. Tuseme ni gramu 1,500.
3. Wanga ugawanywe kwa uzito wa ugali: 375 ÷ 1,500 = 0.25. Kila gramu 100 za ugali huo zina gramu 25 za wanga.
4. Gramu 45 za wanga ni 45 ÷ 0.25 = gramu 180 za ugali.

Mgonjwa akishakiona kipande cha gramu 180 sahanini mwake mara kadhaa, na kukijaribu katika bakuli dogo analolitumia daima, bakuli hilo huwa kipimo chake, maadamu ugali unapikwa kwa ugumu ule ule.

Kupima pasipo mizani

Kituo cha afya kina chombo sahihi cha ujazo ambacho mara nyingi hakifikiriwi kwa kazi hii: bomba la sindano. Bomba jipya la mililita 5 au 10, lisilo na sindano, hutosha kukagua kijiko cha mgonjwa. Maji huvutwa, kisha hutiwa kijikoni polepole hadi kijae sawasawa, na kiasi kilichotoka husomwa. Kijiko kikichukua mililita 5, kinafaa. Kikichukua 3 au 7, mgonjwa huandikiwa hesabu ya kijiko chake mwenyewe.

Kikombe hukaguliwa kwa chupa ya maji ya nusu lita. Chupa hiyo ikijaza kikombe mara mbili kamili, kikombe ni cha mililita 250. Ikijaza mara mbili na nusu, kikombe ni cha mililita 200.

Kwa vyakula vikavu, pakiti ya dukani yenyewe ni jiwe la mizani, kwa kuwa uzito wake umeandikwa. Pakiti ya kilo moja ya sukari humiminwa kikombe kwa kikombe, kila kimoja kikisawazishwa, na idadi huhesabiwa. Ikijaza vikombe vitano, kila kikombe kina gramu 200. Njia hii ni bora kuliko jedwali lolote, kwa kuwa hupima chakula halisi katika chombo halisi cha nyumba husika.

Mwenye mizani ya jikoni aweke bakuli tupu, arudishe namba kwenye sifuri, kisha ndipo atie chakula. Mizani yenyewe ikaguliwe kwa maji: mililita 100 zilizopimwa kwa bomba zinapaswa kusomeka karibu na gramu 100.

Ikumbukwe kwamba dawa za maji haziingii katika hesabu hizi. Dozi ya dawa hupimwa kwa kijiko, kikombe au bomba lililokuja nayo, wala miligramu za dawa hazigeuzwi kuwa mililita kwa kutumia jedwali la chakula.

Ushauri kwa mhudumu wa afya

Kila agizo la chakula linalotolewa kwa kijiko au kikombe lijibu maswali matatu:

- Ni chombo gani: kijiko cha chai au cha chakula, na kikombe cha mililita ngapi?
- Kimesawazishwa au la?
- Chakula kinapimwa kikiwa kikavu au kikiwa kimepikwa?

Maelezo yatolewe kwa vitendo. Mgonjwa au mlezi aombwe kuja na kijiko na kikombe anavyovitumia, kisha aonyeshe mwenyewe jinsi anavyopima. Swali "Umeelewa?" hujibiwa "Ndiyo" kwa heshima, hata pale ambapo mambo hayajaeleweka. Ombi "Hebu tuonyeshe utakavyofanya nyumbani" huonyesha rundo juu ya kijiko kabla halijaingia katika kikombe cha mtoto. Na anayepika ndiye afundishwe. Kumfundisha mgonjwa ambaye hapiki ni nusu ya kazi.

Maswali ya kujipima

1. Mapishi yanahitaji gramu 100 za sukari. Hizo ni vijiko vingapi vya chakula?
2. Pakiti ya chumvi ya gramu 500 imetumiwa na watu wazima wanne kwa siku 8. Wastani wa kila mtu kwa siku ni gramu ngapi?
3. Kijiko cha chai cha mlezi kimekaguliwa na kukutwa na mililita 7. Atumie kiasi gani kutengeneza lita moja ya maji ya chumvi na sukari?
4. Vijiko vitatu vya chakula vya mafuta ya kupikia vina uzito gani?

Majibu

1. 100 ÷ 12.6 = takriban vijiko 8.
2. 500 ÷ 4 ÷ 8 = gramu 15.6, zaidi ya mara tatu ya ukomo. Familia hii inahitaji kupunguza chumvi hatua kwa hatua.
3. Chumvi inayohitajika ni mililita 2.5, yaani karibu theluthi moja ya kijiko hicho. Sukari ni mililita 30, yaani vijiko vinne na kidogo. Kwa kuwa theluthi ni ngumu kukadiria, ni afadhali apewe pakiti za ORS za kuweka akiba, au kijiko cha mililita 5.
4. 45 × 0.92 = takriban gramu 41.

Hitimisho

Kijiko si adui wa usahihi. Hugeuka kuwa hatari pale tu kinapochukuliwa kuwa ni gramu. Mgonjwa ajuaye kijiko chake kina mililita ngapi, na mililita hizo za chumvi, sukari au unga zina uzito gani, anaweza kufuata agizo la daktari kwa vyombo vile vile alivyonavyo. Kazi hiyo huchukua dakika chache, bomba moja la sindano na pakiti moja ya dukani. Ifanyike kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani.